Televisheni Iliyongoja Kuku Waingie

Wiki mbili baada ya kumzika nyanya, baba mdogo alinipigia simu nirudi Nyansiongo nikachukue televisheni. Ng'ombe walikuwa wameshagawanywa, masufuria yamekwenda na mashangazi, na ile cherehani aliyoshonea sare za kwaya miaka yote imechukuliwa na binti mmoja ambaye hata kifungo hajui kushikiza. Kilichobaki ni televisheni. "Hakuna mtu anaitaka," baba mdogo aliniambia, "na wewe ndiye ulikuwa unaipenda." Nikasafiri Ijumaa, nikalala Kisii mjini, na Jumamosi alasiri nikawa nimesimama sebuleni kwa nyanya, mkoba bado begani.

Nitakwambia ukweli, kwa sababu wewe unanifahamu: sikuhisi kitu. Hata siku ya mazishi sikuhisi kitu. Nilisimama kando ya kaburi nimeshika shada la maua, nikawa nahesabu vifungo vya koti la mchungaji. Wanawake wa kanisa walikuwa wakinitupia jicho, maana mtoto aliyelelewa na marehemu anatarajiwa kuanguka, kushikwa, kupepewa. Mimi nilikuwa natamani kulia jinsi mtu anavyotamani kupiga chafya na chafya isije.

Televisheni yenyewe ilikuwa pale pale pembeni, ndani ya kabati lake la mbao lenye miguu minne na milango miwili midogo ya kufungia kioo. Juu yake kile kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa chupa ya maua ya plastiki. Nilijaribu milango. Ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, kama ilivyokuwa kila Jumamosi alasiri ya utoto wangu.

Aliyeileta alikuwa baba yangu. Kabla sijazaliwa alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu la Kisabato, na wanaomkumbuka husema alikuwa akiimba mpaka watoto wachanga wananyamaza. Halafu akajifunza kupiga obokano, lile zeze letu kubwa la Wagusii lenye nyuzi nane, ambalo likipigwa unalisikia tumboni kabla ya masikioni. Zeze hilo wakati ule lilikuwa mali ya harusi za kienyeji na vilabu vya pombe. Wazee wa kanisa walimwita mara mbili, wakamwonya. Mara ya tatu hawakumwita, walifuta jina lake tu. Akaenda Nairobi kutafuta watu wa kupiga nao. Mama yangu hakungoja. Akaolewa upande wa Ogembo, nami nikabaki kwa nyanya.

Baba alirudi mara moja nikiwa na miaka minne hivi. Alishuka kwenye basi na televisheni hiyo imefungwa blanketi kama mgonjwa, akaiweka sebuleni, akalala siku mbili, akaondoka. Nadhani ilikuwa njia yake ya kuomba msamaha. Kutoka safari ile ninakumbuka viatu vyake vya kahawia na harufu ya tumbaku. Uso sikuushika. Na picha yake haikuwepo ukutani. Nyanya alikuwa ameiondoa siku jina lilipofutwa, wala sikuwahi kujua aliipeleka wapi.

Nyanya aliikubali televisheni, lakini kwa masharti yake. Ijumaa kabla jua halijazama milango ilifungwa, ufunguo ukafungwa fundo kwenye pembe ya leso yake, na haukutoka hapo mpaka Sabato iishe kesho yake jioni. Ungeweza kumwomba nyanya figo akakupa. Ufunguo ule hapana.

Sijui kama kwenu Ijumaa ilikuwa na harufu. Kwetu ilikuwa nayo. Siku ya maandalizi kila kitu kilifanywa kabla ya jioni: kuni zinapasuliwa, maji yanajazwa, nguo zinapigwa pasi ya makaa, chinsaga, ile mboga yetu chungu ya majani, inachemshwa kwenye chungu na maziwa mpaka uchungu wote uishe, ndizi na viazi vitamu vinawekwa ndani ya majani ya mgomba viliwe baridi kesho. Betri ya televisheni, ambayo ilikuwa betri ya gari, tuliipeleka kwa toroli madukani, kwenye kinu cha kusagia mahindi, ikachajiwe. Antena nayo ilielekezwa Ijumaa hiyo hiyo. Ilikuwa juu ya mlingoti wa mkaratusi, na kazi yangu ilikuwa kuuzungusha huku mtu ndani akipiga kelele: bado, bado, hapo, umepita! Nikishaipata picha nilichora alama kwa mkaa kwenye mlingoti ili upepo usitudanganye.

Yote hayo ni kwa sababu ya kipindi cha Jumamosi. Unakikumbuka? Kilikuwa kikianza saa kumi na mbili unusu jioni, moja kwa moja kutoka ukumbini Nairobi, kwenye ile televisheni ya taifa ambayo ndiyo ilikuwa peke yake. Mtangazaji alikuwa na miwani mikubwa na suti yenye mabega mapana, na katikati ya kipindi alisalimu nchi nzima mkoa kwa mkoa. Akifika Nyanza sisi tulimwitikia kwa sauti, na hatukuona ajabu yoyote. Kulikuwa na kundi la taarabu kutoka Mombasa, waimbaji wamekaa kwenye viti wametulia kama wako kwa daktari. Kulikuwa na bendi za gitaa zenye vijana waliovaa suruali pana, kwaya za walimu, wapiga ngoma wa Ukambani waliokuwa wakiruka mpaka kamera inawapoteza. Nyanya alikuwa amepachika mbele ya kioo karatasi ya nailoni yenye rangi tatu, ndiyo rangi zetu hizo, kwa hiyo kila mwimbaji alikuwa na kichwa cha bluu na miguu ya kijani. Mimi mpaka darasa la nne niliamini watu wa Nairobi wako hivyo.

Tatizo lilikuwa jua. Huku kwetu jua linazama baada ya saa hiyo, na Sabato haiishi kabla ya jua. Halafu miezi ya mvua kilima cha magharibi kinafunikwa na mawingu tangu saa kumi, jua haulioni, na saa ya nyanya ya mkononi ilikuwa imekufa zamani. Aliivaa kwa heshima tu. Kwa hiyo alitumia kuku. "Kuku wakiingia, Sabato imeisha," alisema, na watoto wote wa upande ule tuliijua sheria hiyo. Kuku walikuwa na chumba chao nyuma ya jiko. Wakishaingia wote na kupanda kwenye miti yao, nyanya anatuita, wimbo mmoja, kila mtu kifungu chake cha Biblia, sala fupi, amina, ufunguo. Tulikuwa tukikosa robo saa ya mwanzo, wakati mwingine zaidi. Hatukuwahi kumwona anayefungua kipindi. Kwetu muziki wa Kenya ulianza na mtu wa pili.

Jirani yetu alikuja kila Jumamosi na kigoda chake. Alikuwa Mkatoliki, mama wa makamo aliyezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wakati mashamba haya yakiwa ya wazungu, na Kiswahili cha kambi alikipenda kuliko Ekegusii. Aliketi na nyanya barazani, macho kwenye kuku, akimchokoza. "Jua yenu nyinyi Wasabato inachelewa," alimwambia. "Yetu ya Katoliki imelala zamani." Nyanya alicheka kwa pua bila kugeuza kichwa.

Basi siku moja mwalimu wetu wa darasa la tano alinipa barua baada ya gwaride. Barua za kijiji zilipitia shuleni. Nyanya alisoma Biblia vizuri lakini maandishi ya mkono yalimshinda, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Ilikuwa ya baba, mistari michache. Ilisema: Mama, Jumamosi ijayo tutapiga kwenye televisheni, mimi na wenzangu. Fungua. Mwonyeshe mtoto.

Nyanya aliichukua, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya Biblia. Alikwenda kukamua.

Mimi sikulala vizuri wiki ile. Elewa kwamba sikutaka mambo makubwa. Sikutaka arudi, sikutaka viatu wala gauni. Nilitaka kuona uso wake, niujue, ili wenzangu shuleni wakiniuliza anafanana na nani niwe na jibu. Na nilijua hesabu ya jua. Kama baba angekuwa wa kwanza kupiga, ningemkosa kama tulivyowakosa wengine wote.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha mchana ikaacha wingu zito juu ya kilima. Kanisani niliimba sijui nini. Ilipofika jioni, nyanya na jirani wakiwa barazani, nilizunguka nyuma ya jiko. Nilikuwa nimeficha punje za wimbi kwenye mfuko wa sweta. Nikamwaga kidogo mlangoni mwa kuku, kidogo ndani, na waliokataa kushawishika niliwafukuza taratibu kwa kanga ya nyanya, nikiwafungia njia huku na huku. Jogoo alinisumbua. Alizunguka tangi la maji mara tatu, na mimi nyuma yake nimeinama, naomba kimoyomoyo nisamehewe kwa kufanya kazi siku ya Sabato. Mwisho akaingia. Nikasukuma mlango, nikapangusa matope miguuni, nikaenda barazani nikasema kwa sauti iliyokuwa nyembamba kuliko nilivyopanga: "Nyanya, kuku wameingia."

Nyanya alinitazama kidogo. "Wameingia," akakubali, akasimama.

Ningali nakumbuka furaha ile. Ilikuwa imenijaa mpaka masikio yananguruma. Tuliimba ubeti mmoja. Mimi nikasema kifungu kifupi kuliko vyote kwenye Biblia. Nyanya akasimama karibu na televisheni, mkono mmoja juu ya kabati, sisi tukapiga magoti kwenye viti, nyuso kwenye mito, akaanza kuomba.

Sala ya kufunga Sabato kwa kawaida ilikuwa fupi. Nyanya hakuwa mtu wa maneno. Siku ile haikwisha. Alishukuru kwa mvua, kwa chai, kwa ng'ombe aliyezaa. Aliwaombea wagonjwa mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, toka kwetu mpaka mtoni. Akawaombea walimu, madereva, serikali. Halafu akanyamaza, nikadhani sasa ni amina, nikainua kichwa nusu. Akataja jina la baba. Sikuwahi kumsikia akilitaja tangu nipate akili. Alilitaja, akalirudia, akaomba alindwe njiani, apewe chakula, apewe marafiki wema, mikono yake isipatwe na ugonjwa. Mikono yake! Niliuma mto. Nilijua kwamba wakati ule ule, nyuma ya milango ile miwili, mtu yule anayeombewa anapiga zeze mbele ya nchi nzima, na anayemwombea ndiye aliyemfungia.

Amina ilipokuja, ufunguo ukazunguka mara moja, na televisheni ikawashwa. Ile mitambo ya zamani ilichukua muda kupata joto. Kwanza ulisikia mlio, ukanusa vumbi likiungua, halafu mwanga katikati ya kioo, halafu picha. Tuliona mgongo. Mgongo wa mtu mrefu mwenye kichwa cha bluu, amebeba obokano kwapani, anatoka jukwaani. Watu wanapiga makofi. Alifika kwenye pazia, akainama kidogo kulipitisha zeze, pazia likajifunga. Mtangazaji akasema, "Hao ni ndugu zetu kutoka Kisii, tumeanza nao," na bendi ya gitaa ikapanda.

Nilitoka nje. Jua lilikuwa limezama.

Sikumsamehe. Ninasema hivyo bila kupamba. Sikumpigia kelele nyanya wala kumnunia, hilo lisingewezekana nyumbani kwake, lakini kitu fulani kilikaa chini ndani yangu na hakikuinuka tena. Nilimtii, nikamchotea maji, nikamsomea barua, nikafaulu mitihani. Baba hakuandika tena. Yeye alikufa nikiwa shule ya bweni, na mpaka habari inifikie na nipate ruhusa, nilikuta kaburi limeshafunikwa. Hapo pia sikulia. Nikaanza kuamini ndivyo nilivyoumbwa.

Jambo moja lilinishangaza baada ya siku ile. Nyanya, ambaye zamani alikuwa akifungua televisheni na kurudi jikoni, alianza kukaa. Kila Jumamosi alivuta kiti mpaka magoti yanakaribia kioo, akaangalia kila kundi, wa taarabu, wa gitaa, wa ngoma, mpaka majina ya mwisho yapande na kuisha. Tulimtania kwamba amepata ulevi wa muziki uzeeni. Nilidhani ameupenda.

Kipindi chenyewe kilifutwa nikiwa sekondari, sijui kwa nini. Jumamosi moja tuliwasha tukakuta watu wanazungumza juu ya mbolea. Nilipopata kazi Nairobi nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi za kituo kuuliza kanda. Mzee mmoja wa stoo alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Dada yangu, kile kilikuwa kinaenda hewani moja kwa moja," alisema. "Kikipita, kimepita." Siku hizi watu huweka vipande vya zamani mtandaoni, na mimi huvitafuta kwenye simu nikiwa nimelala. Nimewaona wapiga ngoma wale. Nimemwona mtangazaji na miwani yake. Hata kichwa cha bluu hakuna, wote ni weusi na weupe.

Basi Jumamosi hiyo niliyokuja kuchukua televisheni nilikuwa bado nimekaa mbele yake, baba mdogo ameenda kutafuta pikipiki ya kuibeba, jirani akaingia na kigoda chake. Mzee sasa, mgongo umepinda, lakini kigoda ni kile kile. "Bwairire," alinisalimu, akakaa, akaniangalia. "Naskia haukulia."

"Sikulia, mama."

"Umekasirikia nyanya yako mpaka leo, kwa sababu ya hii kitu."

Akafungua fundo kwenye pembe ya leso yake, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja changu. Nyanya alikuwa amempa alipolazwa mara ya mwisho.

"Ile siku ya baba yako," alisema, "sisi tulikuona."

"Mliona nini?"

"Wewe na hizo kuku. Tulikuwa hapo nje, wewe unazunguka tangi na jogoo umeinama kama mtu anaiba mahindi. Mimi nilitaka kucheka. Nyanya yako akanifinya mguu. Akaniambia, nyamaza. Halafu ukakuja ukasema kuku imeingia, na yeye akasema imeingia." Alitikisa kichwa. "Huyo mama hakuwa anadanganya, wewe unajua. Siku hiyo alidanganya."

Nilimwuliza basi kwa nini aliomba vile, sala isiyo na mwisho.

"Mimi Katoliki, sala refu inanishinda, nilifungua macho. Nyanya yako hakuwa amefunga yake. Ufunguo ilikuwa kwa tundu tayari, mkono hapo, namna hii. Anaangalia dirisha. Sasa lile wingu likapasuka. Jua ikatoka hapo juu ya kilima, ikaingia ndani ya nyumba, ikampiga kwa uso. Kubwa! Ilikuwa bado kabisa." Aliinua kiganja mbele ya macho yake mwenyewe. "Angefungua namna gani na inamwangalia? Akaanza kuomba wagonjwa. Ikikataa kushuka, anaongeza mtu. Ikikataa, anaongeza. Machozi inatoka lakini sauti hapana. Ilipoingia nyuma ya kilima, hapo hapo akasema amina."

Nilikuwa nimekaza ufunguo mpaka meno yake yakaniachia alama. Nikauliza kwa nini hakuniambia, miaka yote ile, hata nilipokuwa mtu mzima.

"Nilimwambia akwambie. Akasema hapana. Akasema afadhali ukasirikie yeye kuliko ukasirikie Mungu."

Niliona kile kiti chake kilivyokuwa kikisogea karibu na kioo Jumamosi baada ya Jumamosi, na yeye amekazia macho kila mtu anayepanda jukwaani, mpaka majina ya mwisho. Nilikuwa nimeishi nikijua kwamba jioni ile mtoto mmoja alinyimwa uso wa baba yake. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba kulikuwa na mama wa mtu yule pale sebuleni, na kwamba yeye pia aliambulia mgongo.

Machozi hayakuja, sitakudanganya, lakini nilihisi kitu, na nilishukuru kwa hilo.

Nje pikipiki ya baba mdogo ilikuwa ikipanda kilima. Kuku wa nyanya, waliobaki watano, walianza kuingia wenyewe, mmoja mmoja, bila mtu kuwashawishi. Jirani alivuta kigoda karibu na kabati akaniambia basi nifungue tuione, haina betri, haina kitu, lakini tuione tu. Nilitia ufunguo kwenye tundu. Halafu nikatazama dirishani.

"Tungoje kidogo, mama," nikamwambia. "Jua bado."